Fundi Aliyebeba Aibu ya Kampuni

Nimeanza kuandika habari za Fundi mara nyingi, na kila mara nimeacha. Nikiandika asubuhi namsifu kupita kiasi. Nikisoma jioni narekebisha, na nikimaliza kurekebisha naona nimemponda. Vyote viwili si haki. Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha kule Kivu kabla sijapata karatasi yoyote ya kuonyesha watu, na hapa Kashojwa, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akina mama wa kikundi wananiita Sekretere kwa sababu tu mwandiko wangu unasomeka. Kwa hiyo atakayesoma asinitegemee kwa mambo ya magari. Anitegemee kwa jambo moja, aibu, maana hiyo niliiona kwa macho yangu na bado ninayo.

Jina lake sitaliandika. Hata tulipokuwa majirani hakuna aliyelitumia. Sisi Wakongomani tulimwita Papa Fundi, na Waganda wa Mbarara, alikokuwa akifanya kazi wiki nzima kabla ya kurudi kambini Jumamosi, walimwita Mzee wa Kampuni. Kampuni ni ile iliyotengeneza magari aliyoyapenda. Nayo sitaitaja, kwa sababu yeye mwenyewe hakuitaja. Alisema "Kampuni" tu, kama mtoto anavyosema "baba" akiwa kwao, asitegemee mtu kumuuliza baba yupi.

Niseme mapema kilichotuharibia. Kikundi chetu kinanunua maharage kwa wakulima wa Juru na kuyapeleka sokoni Mbarara. Tulichanga muda mrefu tukanunua gari letu wenyewe, gari dogo la mizigo lililotumika, lililotoka Japani kupitia Mombasa. Tulilinunua kwa mdomo wa Fundi. Alisimama mbele yetu baada ya misa na ibada kuisha, Wakatoliki na Waprotestanti tukiwa pamoja, akasema: "Mununue ya Kampuni. Na kama itabatia haya, mukuje munishike miye." Katikati ya mavuno gari lilikataa kuwaka. Tangu siku hiyo swali halikuwa la gari peke yake. Swali lilikuwa kama Fundi ataweza tena kukaa katikati yetu na kutuangalia usoni.

Watu wengine hunawa baada ya kushika injini. Fundi alinawa kabla. Alikuwa na bakuli la plastiki, sabuni ya unga na mchanga kidogo, akajisugua mpaka kwenye viwiko, ndipo afungue boneti. Lakini hiyo ilikuwa kwa magari ya Kampuni. Gari la watu wengine alilishika na mikono yoyote aliyokuja nayo.

"Mzee, unataka kusali ama kubadilisha oili?" walimtania gereji.

"Weye ukienda kwenu, unaingiaka na viatu vya matope?" alijibu, na hakucheka.

Zamani, Bukavu, alifanya kazi kwa wakala wa Kampuni. Siku moja mtu mkubwa alikuja kutoka makao makuu, akapita kati ya mafundi, akamgusa bega. Hadithi ya bega hilo nimeisikia mara nyingi mno. Mara yule mgeni alisema neno, mara hakusema. Mara alikuwa na mkalimani, mara alizungumza kwa macho tu. Kwa haki niseme kwamba bega lenyewe halikubadilika, lilikuwa la kulia siku zote.

Alikuwa na majivuno, sitaficha. Alipenda kupima ugonjwa wa gari kwa sikio, macho yamefungwa, mkono mmoja umeinuliwa ili watu wanyamaze. Mara nyingi alipatia. Lakini nilikuwepo siku aliposikiliza gari la pasta mmoja, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akatangaza kwamba pampu imekufa. Pampu ikafunguliwa, ikasafishwa, ikafungwa. Kumbe mafuta yalikuwa yameisha. Gereji nzima ilijishika tumbo. Fundi alionyesha kwa kidole ile saa ya mafuta kwenye dashibodi, ambayo kweli ilikuwa imekwama katikati. "Ile njo ilidanganya," akasema. Na ilikuwa imedanganya. Hapo ndipo ugumu wa kumwandika mtu huyu ulipo. Alikuwa na kawaida ya kukosea huku nusu ya haki iko upande wake.

Njiani hakupita mtu aliyeharibikiwa. Nimewahi kukaa juu ya gunia kwenye mlima wa kuelekea Isingiro, jua likitupiga, yeye amelala chini ya lori la mtu asiyemjua, anamkaripia mwenye lori kwa kubeba mizigo mingi. Jumamosi iliyofuata nikamwona kwenye baiskeli yake mwenyewe na magunia mawili ya makaa, kitanda kidogo juu yake, na jogoo juu ya kitanda.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Gari inamalizwaka. Mutu anaimaliza ku fabriki, anafunga mlango, inaenda. Kitu chenye hakimalizikake si gari, ni mutoto." Alilisema mbele ya nyumba yake ya pale Kashojwa, ambayo dirisha moja lilizibwa na turubai miaka yote niliyomjua, fremu yake imeegemea ukuta ikisubiri siku. Jirani yangu, mama yule tuliyekuwa tunachota maji pamoja, alimwambia, "Papa Fundi, na hiyo nyumba ni mutoto?" Akajibu kwamba nyumba haina injini.

Gereji yenyewe pale Mbarara si gereji ya mtu mmoja. Ni kiwanja. Kila fundi amepanga fasi yake, sehemu yake ndogo, na ana kazi yake. Wa injini hagusi breki, wa breki hagusi waya, wa kupiga bodi hajui kama gari lina injini. Gari linasukumwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule kama sahani ya chakula kwenye msiba. Ukilalamika, kila mmoja anakuambia kwake liko sawa. Wakati nasubiri gari letu nilikaa pale siku nyingi juu ya magunia matupu, na hapo ndipo nilipomjua fundi wa waya, Mnyankore mwenye maneno mengi, aliyekuwa na kompyuta ndogo na kimashine cha kusomea magari. Yeye na Fundi walibishana kama watu waliooana.

Ugonjwa wa gari letu ulianza hivi. Lilikuwa linajizima lenyewe kwenye milima. Kisha siku moja kwenye skrini ya dereva yakatokea maandishi ya Kijapani, mistari mitatu, na kitu kama kengele. Dereva wetu, Mrundi mpole sana, aliniuliza, "Mama Sekretere, inatutukana ama inatusalimu?" Hatukujua. Tuliendesha na maandishi hayo kutoka Nakivale mpaka Mbarara, na mimi nikaifunika skrini kwa kitambaa changu, kwa sababu niliona kama kuna mtu anatuangalia.

Fundi wa waya aliweka simu yake juu ya maandishi, simu ikatafsiri. Ilisema kuna programu mpya, gari lipelekwe kwa wakala.

"Unaona, nyabo? Hii sio ugonjwa ya chuma," aliniambia, akiniita mama kwa lugha ya kwao. "Kampuni yenyewe imekubali ilikosea, ndio maana imetoa apdeti."

"Kampuni haikoseake," Fundi alisema akiwa chini ya gari lingine.

Nami nikauliza swali la mtu asiyejua. Simu yangu hii ndogo inajibadilisha programu mimi nikiwa nimelala, asubuhi naikuta na sura mpya. Kwa nini gari, ambalo ni kubwa na la gharama, libebwe mpaka kwa wakala kama mgonjwa wa kulazwa?

Fundi wa waya alicheka, akazungusha mkono wake kunionyesha kiwanja chote. "Nyabo, angalia hapa. Huyu breki, yule injini, yule bodi, mimi waya. Nani mkubwa wetu? Hakuna. Sasa Kampuni ya Mzee iko hivi hivi. Boksi ya breki ilinunua kwa mtu, boksi ya injini kwa mtu mwingine, ya milango kwa mwingine. Kila boksi ina programu yake, na mwenye boksi hataki hata Kampuni ione ndani. Ukibadilisha moja, lazima uombe zote zikubali. Hizi kampuni mpya hazina hiyo shida. Zenyewe zilianza na kompyuta, halafu zikaivalisha gari. Kampuni ya Mzee ilianza na gari, halafu ikatafuta mahali ya kuficha kompyuta."

Fundi alitoka chini ya gari, mgongo umejaa vumbi. "Gari si simu," akasema. "Simu ikizimika unaiwasha tena. Breki ikizimika mu mulima, utaniwashia wapi? Kampuni inaogopa juu inajua lufu, inajua mutu anakufaka. Bale ba simu habajue lufu."

"Inaogopa, ndio, hapo uko sawa, Mzee. Lakini pia wakubwa wao ni watu ya chuma kama wewe. Walikula injini maisha yote. Huyu mtu wa kompyuta wanamkalisha karibu na mlango. Na wakala naye anaomba gari irudi kwake. Ikijiponya yenyewe barabarani, yeye atakula nini?"

"Kampuni imeanza kutengeneza magari mbele babu yako hajazaliwa."

"Ndio hiyo shida yake, ssebo. Ni mzee. Ina magari ya kila aina, ya kila mwaka, ya kila nchi. Itakumbuka yote?"

Sijui kama ndivyo ilivyo huko Japani. Naandika nilivyosikia, na huenda nimechanganya. Lakini nilimwona Fundi uso ukibadilika alipoambiwa Kampuni ni mzee. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu ambaye baba yake amelewa mbele ya wageni.

Sasa nifike kwenye siku ile, ambayo ningependa kuiruka.

Fundi alikuwa na sheria moja ambayo hata walevi wa gereji waliishika. Kabla ya kuingiza mkono kwenye gari, toa terminal ya betri, umeme ukatike. Aliwahi kuona mtu akiungua Bukavu, akaapa hataona wa pili. Alitoa terminal bila kufikiri, kama sisi tunavyofanya ishara ya msalaba au kufumba macho. Ninaamini watu kadhaa pale Mbarara wana vidole vyao leo kwa sababu ya sheria hiyo.

Fundi wa waya alikuwa amepata ile programu mpya kwa jamaa yake wa Kampala. Akaunganisha kompyuta kwenye gari letu mchana, akatuambia, "Msiguse. Itachukua muda," akaenda barabarani kununua chapati. Tukabaki wawili, mimi na Fundi. Yeye alikuwa amenawa, mikono imekauka, hana cha kushika.

Mwanzoni kulikuwa na mvumo mdogo ndani ya gari. Baadaye ukakoma. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Hakuna kilicholia, hakuna kilichotikisika. Fundi aliinamisha sikio, akafumba macho, akainua mkono ninyamaze, nami nilikuwa nimenyamaza tayari.

"Imemaliza," akasema.

"Pengine bado, Papa Fundi."

"Kitu chenye kiko ku kazi kinaliaka, mama."

Nikasema tena "pengine," lakini sauti yangu haikutoka vizuri. Alichukua spana akalegeza, akaondoa terminal, akaiweka pembeni taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Fundi wa waya alirudi na chapati zake kwenye gazeti. Aliangalia kompyuta, akaangalia betri, akaweka chapati juu ya boneti.

"Nani ametoa hii?"

Fundi alikuwa ameshika spana.

"Mzee, nauliza. Nani?"

"Kampuni," Fundi akasema.

"Kampuni gani?"

"Kampuni ingetia taa. Ingetia sauti. Mutu atajuaje kama kitu iko naandikwa mu kifua ya gari, na gari iko kimya? Iyi ni makosa ya Kampuni." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema Kampuni imekosa, na alipomaliza kusema akajigusa mdomo.

"Banange," alisema fundi wa waya, akajishika kichwa. Alinieleza baadaye, polepole, kwamba boksi ya injini ilikuwa imekula nusu ya programu. Haikuwa ya zamani tena wala haikuwa mpya, na boksi nyingine zikawa zinaikataa, haziijui. Gari liliwaka taa zote za dashibodi, kisha likafa.

Nirudi kwenye haki. Je, alikosea? Alikosea. Aliambiwa asiguse. Je, Kampuni haikupaswa kuweka taa? Nafikiri ilipaswa. Nimejaribu kugawa kosa hilo mara nyingi, na kila nikigawa, kipande kidogo kinabaki mkononi mwangu bila mwenyewe.

Akina mama walikutana Jumapili pale Kashojwa. Maharage yalikuwa yanarundikana Juru, na mvua ilikuwa imeanza kutishia. Kiti cha Fundi kiliwekwa mbele. Hakukikalia. Alieleza kwamba gari lina shida ya programu, kwamba ni Kampuni, na kwamba Kampuni itajibu.

Mama Furaha, ambaye ulimi wake hauna breki hata kidogo, alisimama. "Sasa iyi Kampuni iko wapi? Tumualike aje Kashojwa. Tutamupikia sombe na maharage, akule, ashibe, atueleze."

Watu walicheka mpaka wengine wakainama. Dereva alicheka. Mimi nilicheka. Nilikuwa nimekaa karibu na Fundi na nikacheka, halafu nikaangalia viatu vyangu. Yeye alisubiri kicheko kiishe, akasema: "Nitaenda miye mwenyewe Kampala. Ku wakala. Batanijua."

Hakuna aliyemtuma. Alifungua ile boksi ya injini, akaifunga ndani ya shati lake la Jumapili, akapanda basi. Tulimngoja kama watu wanaongoja majibu ya hospitali. Aliporudi alisimama fasi ileile.

"Balinipokea muzuri," alisema. "Balinipa kiti. Balinipa chai. Nikabaambia nilifanyaka kazi Bukavu, bakafurahi. Banasema bataandika ku Japani, na Kampuni itatuma majibu."

Tukapiga makofi. Hata Mama Furaha alipiga, ingawa mara moja tu. Mama mmoja alimletea Fundi sahani, na akala akiwa amesimama.

Wiki zilipita. Majibu ya Japani hayakuja. Tulikodi lori la watu, na lori la watu lilikuja siku lilipotaka. Maharage mengine yakapata mvua yakaota ndani ya magunia. Kila Jumamosi akina mama walimuuliza Fundi kama Kampuni imejibu, na kila Jumamosi alisema inajibu, makampuni makubwa yanachelewa kwa sababu yana heshima. Alianza pia tabia mpya pale gereji. Mtu akileta gari la Kampuni, hata kama limepasuka tairi tu, Fundi alimwomba radhi. "Utusamehe," alisema. Mtu wa watu anashangaa anasamehe nini.

Ukweli niliupata kwa fundi wa waya. Jamaa yake wa Kampala alikuwa amemwona Fundi siku ile. Hakuwa ndani. Alikuwa nje ya geti la wakala. Mlinzi alichukua namba ya gari, ikaingizwa kwenye kompyuta yao, kompyuta ikasema gari hilo halijulikani, kwa sababu liliuzwa kwa ajili ya Japani, si kwa ajili ya huku. Kwa hiyo halikuwa mgonjwa wao. Wakamwambia arudi. Hakurudi. Alisimama pale na shati lake mpaka walipofunga kazi na magari ya wakubwa yakatoka, na kila gari lilipopita alisogea pembeni na kuinamisha kichwa kidogo.

Hakukuwa na kiti. Hakukuwa na chai.

Fundi wa waya alianza kunisimulia akicheka. Alipofika kwenye shati, akaacha kucheka, akasema ana kazi ya kumaliza.

Nilijaribu kumkasirikia Fundi. Sikuweza. Kama angedanganya ili ajiokoe ningejua la kufanya, maana sote tumewahi. Lakini alidanganya ili sisi tusiseme vibaya juu ya watu ambao hawakumfungulia geti. Mimi ndiye mwandishi wa kikundi, na sikuwaambia wenzangu. Sijui mpaka leo kama nilifanya wema au nilimwacha azame taratibu, Jumamosi kwa Jumamosi, mbele ya macho yangu.

Gari liliamka kwa njia nyingine. Fundi wa waya alipata boksi kutoka kwa gari lililopinduka, la aina ileile, akaifunga kwenye letu. Liliwaka. Lakini boksi hiyo ilizoea gari lake, na zile nyingine haielewani nazo mpaka leo. Mlango wa pembeni tunaufungua kwa kamba. Taa moja ya dashibodi haizimiki. Ukiwasha kifuta maji, redio inanyamaza. Dereva anasema ni kama nyumba yenye wake wawili. Maandishi ya Kijapani bado yanakuja, tunayaachia yaseme. Maharage yanafika Mbarara, na watu wa sokoni wanatujua kwa kamba ile.

Tulimwita Fundi aje aone. Hakuja. Alisema ana malaria. Jumamosi iliyofuata alisema ana mgeni. Kisha tukasikia amehama Kashojwa, amehamia Juru, na Mbarara haendi tena, anatengeneza baiskeli za wakulima. Njia ya kwenda kanisani aliibadilisha. Na hapa naandika pole pole, kwa sababu hili ndilo linanitia aibu kuliko kicheko cha siku ile. Alipohama, nilipumua. Nilikuwa nimechoka kuandaa uso wangu kila anapopita.

Msimu huu uliopita tulikwenda Juru kupakia. Barabara ilikuwa imekatika, dereva akapita njia ya ndani, na kumbe ilitupitisha mbele ya kibanda cha Fundi. Alikuwa ameketi kwenye debe, baiskeli imegeuzwa magurudumu juu mbele yake. Amepungua. Dereva alisimamisha gari bila kuniuliza, kwa upole wake. Sikuwa na la kufanya, nikashuka.

"Papa Fundi, habari za siku mingi."

"Muzuri, Mama Sekretere." Alishika gurudumu. Gari lilikuwa hatua chache nyuma yangu, injini inawaka, na hakuliangalia. Mtu aliyekuwa akisimamisha maongezi ili asikilize gari linalopita barabara ya pili, sasa gari lilinguruma mbele ya kibanda chake na yeye anatafuta pancha.

Nikamuuliza watoto, shamba, mvua. Akajibu watoto, shamba, mvua. Nilikuwa nageuka kwenda aliposema, bila kuinua kichwa:

"Batu banasemaka nini?"

"Batu gani, Papa Fundi?"

"Ba kikundi. Juu ya Kampuni."

Ningeweza kusema wanaisifu. Ningeweza kusema wamesahau. Lakini nimechoka na maneno ya kiti na chai, na nilifikiri, labda vibaya, kwamba mtu huyu anastahili kuambiwa jambo moja la kweli kabla hatujafa sote.

"Juu ya Kampuni habaseme kitu," nikasema. "Banasema juu yako. Banasema weye njo uliua gari. Ulitoa terminal."

Nilikuwa nimewaza kwa muda mrefu jinsi neno hilo litakavyompiga. Nilijiandaa kuona machozi, au hasira, au lile neno lake kuhusu taa na sauti. Alizungusha gurudumu, akalisikiliza likipunguza mwendo mpaka likasimama.

"Njo kweli," akasema. "Ni miye nilitoa."

"Lakini pia Kampuni..."

"Hapana, mama. Ni miye." Akapaka mate kwenye mpira, akatafuta kipovu. "Afazali baseme vile."

Na nikaona kwamba uso wake umetulia. Alikuwa ametulia kweli, kama mtu aliyesikia kwamba nyumbani kwao wote wazima. Nilisimama pale na mikono yangu mitupu. Nilikuja na samahani kwenye ulimi na haikupata pa kutua, maana hakuna aliyeiomba.

Nikavuta kamba, nikapanda. Dereva aliniuliza, "Fundi anasemaje?"

Nikamwambia anatusalimu wote, na kwamba amesikia injini, amesema inavuta vizuri.

Dereva alifurahi sana. Akapiga honi mara mbili kumuaga. Fundi hakuinua kichwa.